Uniti 402 katika Bili ya Februari

Bili ya umeme ya Februari 2024 ilinifikia kwa simu tarehe mosi Machi, nikiwa ndani ya feri ya Likoni nikirejea nyumbani kutoka kazini. Niliisoma mara mbili kabla ya feri kufunga gati, kisha nikaisoma tena niliposhuka upande wa kisiwani, kwa kuwa sikuamini kwamba nyumba yetu ya Tudor, Mombasa, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa ikitumia uniti 130 hivi kwa mwezi na kulipa kati ya shilingi 4,000 na 4,500, sasa ilidaiwa uniti 402 na karibu shilingi 14,000. Hatuna kiyoyozi wala shawa ya umeme, na chakula tunapika kwa gesi. Tuna mapanga boi manne, friji, televisheni, pasi, taa, na pampu ya kupandishia maji. Tunaishi ghorofa ya chini watu wanane: mimi na mke wangu, watoto wetu wanne, mama yangu mzazi, na mpwa wangu Salim. Ghorofa ya juu tumempangisha mtu mwenye mita yake mwenyewe.

Naandika haya kwa sababu katika majuma mawili yaliyofuata niliwashuku watu watatu wasio na hatia kabla ya kuifikia sababu yenyewe, na kwa sababu njia niliyofundishwa baadaye ya kuitafuta sababu haihitaji chombo chochote ila saa, daftari na subira.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Salim. Alikuwa amekuja kwetu kutoka Lamu mwanzoni mwa Januari ili asome Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho kipo papa hapa Tudor, na mambo yalivyopangana yalimtia hatiani kwa urahisi: bili za nyuma zilikuwa za kawaida, kijana akaja na tarakilishi yake, bili ikapanda. Sikumkaripia. Nilisema tu wakati wa chakula cha usiku, macho yangu yakiwa kwenye sahani, kwamba umeme umekuwa ghali na kila mtu aangalie anachokichomeka kwenye soketi. Kijana akaelewa. Kuanzia siku ya pili akawa anarudi baada ya Isha, na alipoulizwa na bibi yake alikokuwa, alijibu kwa adabu, "Nilikuwa maktaba, bibi, huko kuna nafasi ya kusomea." Usiku mmoja nilimkuta ukumbini akisoma kwa mwanga wa simu, taa ya chumba ikiwa imezimwa. Picha hiyo ingali moyoni mwangu hata leo.

Wakati huohuo niliita fundi wa umeme niliyeelekezwa na mtu. Alikaa nyumbani kwa dakika zisizofika ishirini, akafungua soketi mbili, akatikisa kichwa, akasema nyaya za nyumba nzima zimechoka na zinavujisha umeme ukutani, na kwamba kuzibadilisha zote kungenigharimu shilingi 45,000. Maneno yake hayakuwa ya ajabu kwa sikio la mtu wa Mombasa, kwani kuta zetu za matumbawe hunyonya unyevu, chumvi ya bahari hula kila chuma, na waya wa zamani unaweza kweli kuvujisha umeme ambao mita itauhesabu. Lakini hakuwa amepima chochote. Mke wangu ndiye aliyenizuia kutoa rubuni, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: ikiwa nyaya zilichoka kidogokidogo kwa miaka thelathini, mbona bili ilipanda kwa mwezi mmoja?

Jioni hiyo nilimweleza jirani yetu mmoja mzee, aliyestaafu kazi ya umeme katika Bandari ya Kilindini. Hakutaka kusikia habari za mpwa wala za nyaya. Aliniomba bili, akavaa miwani, na akaanza kunionyesha kwamba bili hupanda kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa, yaani bei ya uniti ikipanda au idadi ya uniti ikiongezeka, na mtu asiyezitenganisha njia hizo atazunguka bure.

Bei ya umeme nchini Kenya ina sehemu nyingi. Kuna bei ya msingi ya uniti, ambayo huidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi na mafuta; juu yake kuna gharama ya mafuta ya mitambo ya kuzalisha umeme, marekebisho ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumko wa bei, tozo kadhaa, na VAT ya asilimia 16. Baadhi ya hizo hubadilika mwezi hadi mwezi. Mwanzoni mwa 2024 shilingi yetu ilikuwa imeshuka mno, dola moja ya Marekani ikifika takriban shilingi 160 mwezi wa Januari, na jambo hilo lilionekana katika bili za watu wote. Tena tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa katika madaraja matatu, wale wa hadi uniti 30, wale wa kati ya 30 na 100, na wale wanaozidi 100, na anayevuka mpaka hulipia uniti zake kwa bei ya daraja la juu. Hili ni la kuangaliwa sana na mwenye nyumba ndogo inayotumia uniti tisini na kitu kwa mwezi, kwani friji moja ya ziada inaweza kumvusha. Sisi, hata hivyo, tulikuwa juu ya 100 siku zote, na bei haiongezi idadi ya uniti. Uniti zilikuwa zimetoka 131 za Januari zikafika 402. Hapo ndipo pa kutafuta.

Mzee akanionyesha jambo la pili, ambalo lilikuwa limeandikwa wazi na sikuliona: usomaji wa mita katika bili ya Januari ulikuwa wa kukadiria. Nikakumbuka kwamba mwisho wa mwezi huo sote tulikuwa Malindi kwa harusi ya binti wa dada yangu, na geti lilifungwa kwa kufuli. Msoma mita hakuweza kuingia, basi bili ikatolewa kwa makisio yaliyofuata matumizi yetu ya zamani, na Februari ilipokuja kusomwa mita yenyewe, deni la miezi miwili likaangukia bili moja. Mimi nilikuwa nimekwisha kumlaumu msoma mita kwamba alibuni tarakimu akiwa amekaa kivulini. Nilikwenda na tochi, nikalinganisha tarakimu za kwenye mita na zile za kwenye bili, nikaona zinaafikiana, mita ikiwa imesonga mbele kwa siku chache tu kama ilivyopasa. Hakuwa amebuni lolote.

Basi tukapiga hesabu upya. Uniti 131 na uniti 402 ni 533 kwa miezi miwili. Kwa kawaida tungetumia 260. Ziada ni uniti 273, na tukiichukulia kwamba ilianza mwishoni mwa wiki ya kwanza ya Januari, siku 52 hivi kabla ya mita kusomwa, tunapata uniti tano na robo kwa siku. Hesabu hiyo ilinituliza, kwa kuwa jambo lililokuwa limenitisha kama shilingi 14,000 sasa lilikuwa na ukubwa unaojulikana. Uniti moja ni umeme wa wati 1,000 kwa saa moja. Nilichokuwa nakitafuta, kwa hiyo, ni kitu kinachokula wati 1,000 kwa zaidi ya saa tano kila siku, au wati mia mbili na ushee mchana na usiku bila kupumzika. Tarakilishi ya Salim inakula wati 60 hivi. Akiitumia saa tano ni karibu thuluthi ya uniti. Ingehitaji vijana zaidi ya kumi na watano wanaosoma kwa bidii kuifikisha bili pale ilipofika.

Mama yangu alishika kwamba ni joto. Kaskazi ya mwaka huo ilikuwa kali, usiku jasho halikauki, na mapanga boi hayakuzimwa. Ni maelezo ambayo watu wengi wa pwani huridhika nayo, nami ningeridhika nayo kama Mama mwenyewe asingekuwa mtu wa kuhifadhi karatasi. Ndani ya kopo lake la biskuti kulikuwa na bili za miaka mingi, zimekunjwa na kufungwa kwa mpira, na bili ya Februari ya mwaka uliotangulia, mwezi wa joto lilelile na mapanga boi yaleyale, ilisema uniti 138. Panga boi la wati 70 likizunguka saa kumi ni uniti 0.7, na manne ni karibu uniti tatu kwa siku, ambazo ni nyingi, lakini zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa ndani ya matumizi yetu ya kawaida ya msimu huo. Tangu hapo nawaambia watu walinganishe mwezi na mwezi kama huo wa mwaka jana, wala si na mwezi uliopita.

Kwa siku saba niliandika tarakimu za mita daftarini mara mbili kwa siku, baada ya Alfajiri na baada ya Isha. Wastani ulikuwa uniti 9.5 kwa siku. Kilichonishangaza ni kwamba sehemu kubwa ilitumika usiku, saa ambazo televisheni imezimwa, pasi iko kabatini, na watu wamelala.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Ramadhani, baada ya tarawehe na kabla ya watu kuamka kwa daku, nilifanya jaribio ambalo mzee alikuwa amenielekeza. Mita yetu ina taa ndogo nyekundu, na kando yake pameandikwa kwamba taa humeta mara 1,000 kwa kila uniti moja. Mita nyingine huandikwa idadi tofauti, na ni lazima mtu aisome ya kwake. Kwa mita kama yetu, ukihesabu taa imemeta mara ngapi kwa dakika moja, ukazidisha kwa 60, unapata wati zinazotumika wakati huo. Nilizima breka moja baada ya nyingine, za taa na za soketi, kisha nikazima swichi kuu. Nyumba yote ikawa giza, na mapanga boi yakapunguza mwendo hadi yakasimama. Nikarudi nje kwenye mita nikitaraji kuiona taa imetulia. Ilikuwa ikimeta. Nilihesabu mara 17 kwa dakika, karibu wati 1,000, katika nyumba ambayo swichi yake kuu ilikuwa imezimwa.

Nakiri nilivyowaza wakati ule, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Niliwaza kwamba mpangaji wa juu amejiunganishia waya kutoka kwetu. Nilikuwa tayari nimeshaanza kupanda ngazi. Lakini mapanga boi yalikuwa yamenyamaza, na katika ule ukimya nikasikia mvumo kutoka uani, mvumo ambao kwa majuma kadhaa ulikuwa umefunikwa na sauti ya mapanga boi vyumbani, na ambao kila mmoja wetu akiusikia huwa hauzingatii kwa kuwa ni sauti ya kawaida ya nyumba za mji huu. Ilikuwa pampu ya maji.

Msomaji asiyeishi Mombasa ataelewa vizuri zaidi akijua kwamba mji wetu hauna mto wala ziwa la maji matamu. Sehemu ya maji yake imekuwa ikitoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, na mji umekua mno tangu wakati huo. Maji ya mfereji huja kwa zamu na hayana nguvu ya kupanda. Ndiyo maana nyumba nyingi zina tangi chini ya ardhi la kuyapokea yanapokuja, tangi jingine juu ya paa, na pampu kati yao. Pampu yetu iliwekwa na marehemu baba, na fundi wa zama hizo aliichukulia umeme wake moja kwa moja baada ya mita, kabla ya kufika kwenye swichi kuu, kupitia kisanduku chake mwenyewe kilichoko uani. Hiyo ndiyo sababu swichi kuu haikuizima.

Nilipozima kisanduku hicho, taa ya mita ikakoma. Nilikaa nayo dakika tano nzima nikiitazama isimete hata mara moja. Ilimaanisha pia kwamba hapakuwa na waya unaovuja katika sehemu hiyo wala mtu yeyote aliyejiunganishia, na nikashukuru kwamba sikuufikia mlango wa juu.

Swali lililobaki ni kwa nini pampu inafanya kazi usiku wakati hakuna anayetumia maji. Asubuhi nilipanda paani na Salim. Sakafu ya paa ilikuwa kavu, tangi halikufurika, na hakukuwa na bomba lililopasuka. Tulikaa tukitazama. Pampu ilipiga maji hadi boya likapanda na swichi yake ikaizima, nasi tukadhani tumekosea; lakini baada ya kitambo tukaona maji ndani ya tangi yanashuka polepole, ingawa koki zote za ghorofa zote mbili zilikuwa zimefungwa. Ni Salim aliyeweka sikio lake kwenye bomba linalopanda kutoka chini, akaniambia, "Mjomba, maji yanarudi."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni mwa Januari Mama alikuwa amelalamika kwamba kishindo cha maji yanayoangukia tangini kinamkatizia usingizi, kwani sauti yake hushuka kwa mabomba hadi chumbani kwake, na fundi bomba akarefusha mdomo wa bomba ndani ya tangi hadi ukafika karibu na chini, ili maji yaingie bila kelele. Ilikuwa kazi safi. Hakujua, wala sisi hatukujua, kwamba vali ya kuzuia maji yasirudi, iliyoko karibu na pampu, ilikuwa imekufa zamani kwa chumvi na kutu. Mdomo wa bomba ulipokuwa juu ya maji, ubovu wa vali haukudhuru sana, kwa kuwa yaliyorudi ni yale machache yaliyosalia ndani ya bomba, kisha hewa huingia na mambo yakaisha. Mdomo ulipozamishwa, kila pampu ilipozimika, maji ya tangi la juu yalivutwa na uzito wa yale yaliyomo bombani yakashuka kwenye tangi la chini. Boya likashuka. Swichi ikawasha pampu. Maji yaleyale yalipanda na kushuka mchana kutwa na usiku kucha, na kwa kuwa hakuna hata tone lililopotea, hapakuwa na dalili ya kumwamsha mtu. Pampu iliyopaswa kufanya kazi kwa saa moja kwa siku ilikuwa ikifanya kazi kwa saa tano. Hizo ni uniti nne za ziada kila siku, kati ya zile tano na robo.

Iliyobaki ilikuwa friji. Nilizima kila kitu isipokuwa friji, nikahesabu taa ikimeta mara tano kwa dakika mbili, yaani wati 150, jambo lisilo na kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba haikupumzika. Friji isiyo na hitilafu huunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma tena. Yetu iliunguruma saa mbili mfululizo nikiwa nimekaa nayo. Nilifunga noti ya shilingi 50 kwenye mlango, nikaivuta, ikatoka bila upinzani wowote. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa. Tena wakati wa kupaka rangi mwezi huohuo wa Januari tulikuwa tumeisukuma hadi ikagusa ukuta, na yale mabomba membamba ya nyuma yanayotoa joto yalikuwa yamefunikwa na vumbi lililoshikana na mafuta ya jikoni. Tuliisafisha, tukaiachia nafasi ya kiganja nyuma yake, tukanunua mpira mpya mjini, na uniti moja hivi kwa siku ikaokoka.

Vali mpya iliwekwa siku hiyohiyo, na bomba likakatwa mdomo wake ukawa juu ya maji tena. Kwa kazi ya umeme nilimtafuta fundi mwenye leseni, ambaye aliihamishia pampu kwenye breka yake ndani ya boksi la nyumba, bila kugusa mita wala lakiri yake, kwani hiyo si mali yetu. Gharama zote pamoja na mpira wa friji hazikufika shilingi 9,000. Bili yenyewe niliilipa yote kwa awamu, kwa sababu tuliutumia umeme ule.

Salim nilimwita baada ya futari, nikamwomba radhi mbele ya bibi yake na watoto, kwa kuwa nilimshuku mbele yao. Aliinamisha kichwa akasema hakuna neno, mjomba, na mama yangu akanitazama kwa namna ambayo ilinifanya nirudie maneno yangu kwa ukamilifu zaidi, nikitaja nililosema siku ile na kwamba halikuwa haki. Siku hizi anasomea chumbani. Daftari la mita amelishika yeye, kwa ombi lake mwenyewe, na ndiye aliyeniletea hesabu ya Aprili: uniti 139, ambazo ni matumizi yetu ya zamani na thuluthi yake ya uniti kwa siku juu yake.

Nilihofia Mama angelalamikia kishindo cha maji, ambacho kilirudi mara tu bomba lilipokatwa. Tulikuwa tumeanza kupanga pampu iwashwe mchana tu ili asisumbuliwe. Alikataa. Alisema anapolala sasa husikiliza maji yakianguka, halafu husubiri yakome, na yakishakoma hugeukia upande wa pili akapata usingizi.